Mafaili Yamegeuka Shotikati: Yanayoipata Flashi Yako Ikiingia Steshenari

Unachomeka flashi kwenye kompyuta ya steshenari, iwe Malimbe, Nyegezi au Buzuruga jijini Mwanza, na ukifungua unakuta mafaili yote yamebadilika sura. Majina ni yaleyale, ripoti ya utafiti, CV, picha za send-off, lakini kila moja lina kamshale kadogo kwenye kona ya chini kushoto, na ripoti iliyokuwa na MB 4 sasa inasoma KB 2. Hapo wengi hufanya mambo mawili, na yote yanawagharimu. Kwanza wanabofya ili waone kama faili bado linafunguka. Halafu wanakubali ushauri wa kwamba flashi imekufa, ifomatiwe tu.

Mara nyingi flashi ya namna hiyo haijafa, na hakuna faili hata moja lililofutwa. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya jina la flashi, chagua "Properties", utazame nafasi iliyotumika. Kama ulikuwa na kazi za GB 3 na bado GB 3 zimetumika, kazi yako ipo palepale. Imefichwa.

Kirusi kinafanya nini hasa

Windows ina alama mbili za kuficha faili, H na S. Lenye H halionekani kwa mtumiaji wa kawaida. Likiongezewa S linahesabiwa kuwa faili la mfumo, na hata ukiiambia Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa, hilo bado halitaonekana mpaka uondoe tiki nyingine iliyojificha ndani zaidi kwenye mipangilio. Kirusi cha shotikati huyabandika mafaili yako alama zote mbili, kisha hutengeneza shotikati (shortcut, kifaili kidogo cha mkato kinachoita kitu kingine kifunguke) yenye jina lilelile la kila faili au folda.

Changa la macho liko kwenye kile kinachotokea ukibofya. Shotikati ile ina amri mbili. Ya kwanza inaita wscript.exe, programu halali ya Windows yenyewe, isome hati ya kirusi iliyofichwa kwenye flashi, kwa kawaida faili la .vbs, .js au .wsf. Ya pili inakufungulia ripoti yako halisi. Wewe unaona ripoti imefunguka, unashukuru, unaprinti, unaondoka. Wakati huo kirusi kimeshajinakili kwenye folda ya AppData au Temp ya kompyuta na kujiandikisha miongoni mwa programu zinazoamka pamoja na Windows. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa itapata kipigo hichohicho.

Zamani hata kubofya hakukuhitajika. Flashi ilibeba faili la autorun.inf, na Windows yenyewe ilikimbilia kuliendesha. Kirusi cha Conficker, kilichozuka Novemba 2008, kilisambaa sana kwa mlango huo. Microsoft waliufunga kwenye Windows 7, na Februari 2011 wakapeleka sasisho la kuufunga kwenye XP na Vista pia. Waandishi wa virusi wakabaki wanahitaji mkono wa mtu, wakaupata kwa shotikati: Jenxcus na Gamarue miaka ya 2010, na Raspberry Robin uliogunduliwa 2021, wote wanategemea ubofye wewe. Kwa hiyo kwenye Windows iliyosasishwa, kuchomeka flashi yenye kirusi cha aina hii si msiba. Msiba ni kubofya kamshale.

Steshenari ndiyo njia panda ya virusi hivi kwa sababu ya mazingira yake, wala si lazima mwenyewe awe mzembe. Kompyuta moja inapokea flashi za watu wengi kwa siku. Masasisho yamezimwa ili bando lisiishe. Antivirusi imezimwa kwa sababu Windows ni ya kukraki, na kraki, yaani programu ya kihuni ya kukwepa kulipia leseni, haikai na antivirusi nyumba moja. Msimu wa maombi ya mkopo HESLB au udahili wa vyuo ukifika, foleni ndefu, hakuna wa kukagua flashi ya mtu. Na kirusi hakihitaji intaneti kuvuka ziwa: kinapanda kivuko kutoka Nansio, Ukerewe, mfukoni mwa mwanafunzi, na jioni kiko mjini.

Kuyarudisha mafaili

Njia isiyo na hatari kubwa ni simu ya Android na waya wa OTG, ule mfupi wenye tundu la USB upande mmoja. Hati ya kirusi imeandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye simu haina pa kufanyia kazi. Zaidi ya hapo, Android haizijali zile alama za H na S za flashi, kwa hiyo mafaili halisi yanaonekana bila kufanya lolote, yamepangana na zile shotikati zenye mwisho wa .lnk. Ukikuta folda ambayo jina lake ni tupu kabisa, usiishangae. Baadhi ya virusi, Gamarue akiwamo, huhamishia mali yote kwenye folda ambayo jina lake ni herufi isiyoonekana. Fungua, nakili nyaraka zako kwenye simu, basi. Inayoweza kukukwaza ni flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa NTFS, maana simu nyingi haziisomi. Ya FAT32 hazina shida nayo.

Kama una kompyuta uliyo na uhakika nayo, kazi inaisha kwa amri moja. Chomeka flashi bila kufungua kitu ndani yake, na tazama imepewa herufi gani. Tuchukue ni E. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Tatu za mwanzo zinaondoa alama za kufichwa, za kusomwa tu na za mfumo. /s inaingia kwenye folda za ndani, na /d inazigusa folda zenyewe. Ukisahau /d, mafaili yatafunguliwa lakini folda zitabaki zimefichwa, nawe utadhani amri haijafanya kazi. Herufi ya flashi iangalie mara mbili kabla ya Enter, kwa sababu ukiandika C utakuwa unavua alama mafaili ya Windows yenyewe. Amri haitoi neno lolote ikifanikiwa. Subiri mstari mpya utokee. Flashi yenye mafaili mengi inaweza kuchukua dakika kadhaa.

Sasa mafaili halisi na shotikati yatasimama pamoja. Usijaribu kuzitambua shotikati kwa mwisho wa jina, kwa kuwa Windows haionyeshi .lnk hata ukiwasha mpangilio wa kuonyesha miisho ya majina. Ama panga kwa safu ya "Type", ama zifagie zote kwa:

del /s E:\*.lnk

Kisha tafuta .vbs, .js na .wsf ambazo hukuziweka wewe, uzifute. Folda iitwayo System Volume Information ni ya Windows, iache. Hatimaye nakili nyaraka kwenye kompyuta, zile za .docx, .xlsx, .pdf na picha, uache chochote cha .exe, fomati flashi, urudishe. Kufomati kunafaa hapa, baada ya kunakili.

Kuna kipimo kimoja cha kukuambia mgonjwa ni nani. Ukiendesha attrib, mafaili yakatokea, halafu baada ya muda mfupi vimshale vikarudi vyenyewe, flashi haina kosa: kompyuta hiyo ndiyo inayoumwa, na utaosha flashi mpaka kesho. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Details", tafuta wscript.exe, uisimamishe. Halafu kitufe cha Windows na R, andika shell:startup, na kama kuna hati usiyoijua humo, ifute. Baada ya hapo sasisha Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, uingie Windows Security, "Virus & threat protection", "Scan options", uchague ukaguzi wa "Microsoft Defender Offline". Kompyuta itajizima na kuwaka upya, na ukaguzi wenyewe ni kama robo saa. Faida yake ni kwamba unafanyika kabla Windows haijaamka, hivyo kirusi kinakutwa kimelala.

Lalamiko la kwamba antivirusi "imekula kazi yangu" nalo linatokea hapa. Defender ikiona zile shotikati inazifuta, kama inavyotakiwa. Haivui alama za H na S. Mwenye flashi anafungua, anakuta patupu, anailaani antivirusi, anaizima. Kumbe iliyofutwa ni mitego tu, na attrib ileile ingemaliza mambo.

Na kama ulishaifomati kwa hasira? Kama ilikuwa ile ya haraka, yenye tiki kwenye "Quick Format", kilichofutwa ni orodha ya mafaili, siyo mafaili. Usiandike kitu kingine chochote juu ya flashi hiyo. Programu ya bure ya PhotoRec inaweza kuyachimbua mengi, ila majina yatapotea, na utapata mamia ya mafaili yenye majina ya namba ambayo utayafungua moja moja. Fomati kamili, tangu Windows Vista, inaandika sifuri juu ya kila kitu. Hiyo hairudi.

Kinga ya bei nafuu kuliko zote ni kuwa na flashi mbili. Ya mtaani, ndogo kabisa, inabeba PDF moja unayokwenda kuprinti na si kingine. Ya nyumbani haivuki mlango.

Kraki, na mafaili ambayo kweli hayarudi

Kirusi cha shotikati ni msumbufu, lakini kinachofuata ni cha kilio. Kuna programu zinazofunga mafaili kwa siri ya kihisabati na kudai fidia. Inayowapata sana watu wa kawaida, tofauti na zile zinazoshambulia mabenki, ni jamii ya STOP, iitwayo pia Djvu, na inasafiri hasa ndani ya kraki: za Windows, Office, Photoshop, michezo. Dalili yake ni kwamba kila faili linaongezewa mwisho wa ajabu, mara nyingi herufi nne, na kila folda inapata karatasi iitwayo _readme.txt inayodai dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72. Toleo la baadaye linadai 999 na 499.

Maelekezo ya kraki karibu zote yanaanza na "zima antivirusi kwanza". Umemfungulia mlango mtu usiyemjua na kumfunga mbwa. Kraki inaweza kufanya kazi kweli, Windows ikaonekana imesajiliwa, na mzigo wa pili ukaingia kimyakimya. Mzigo huo mara nyingine haufungi mafaili bali unachota pasiwedi zote ulizozihifadhi kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi (cookies) vya kuingilia, alama zinazoiambia tovuti kwamba umeshaingia. Vidakuzi hivyo vinamwezesha mwizi aingie kwenye akaunti yako bila hata kuulizwa pasiwedi. Ndiyo maana ukishapigwa hivyo, kubadilisha pasiwedi kwenye kompyuta ileile ni kumpa mpya. Tumia simu au kompyuta nyingine, badilisha, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia.

Ukikutana na _readme.txt, chomoa intaneti, zima kompyuta, na usilipe haraka. Tovuti ya nomoreransom.org, iliyoanzishwa 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta, ina funguo za bure kwa baadhi ya matoleo. Kwa Djvu kuna jambo la kukupa moyo kidogo: ili iende haraka, inafunga takriban KB 150 za mwanzo za kila faili. Nyaraka ya Word inaisha yote hapo. Video ndefu ya harusi mara nyingi inaweza kutengenezwa, kwa sababu sehemu kubwa haikuguswa.

Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba mwenye daftari la madeni kwenye Excel hana haja ya mitambo mikubwa. Nakala ya pili kwenye flashi inayochomekwa Jumamosi, ikanakiliwa, ikachomolewa, inatosha kuanzia. Neno zito hapo ni ikachomolewa: nakala inayoishi ndani ya kompyuta itafungwa pamoja na kompyuta.

Unachokiacha nyuma yako

Watu wanaogopa kuingiza kirusi na kusahau walichokiacha. Ukiskani kitambulisho cha NIDA, picha inabaki kwenye folda ya "Documents" au ya skana. Ukifungua barua pepe na kupakua cheti cha kuzaliwa, kinabaki "Downloads". Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ukiongeza jina na picha yako, mtu ana nusu ya majibu ya maswali ambayo mtoa huduma kwa wateja humuuliza anayedai laini imepotea. Kabla ya kusimama, mwombe mhudumu kwa heshima afute mbele yako, kwa Shift na Delete ili visipitie kapuni. Ukimwambia "dada, naomba tufute na ile skani" hakuna atakayeona ajabu.

Kuingia kwenye akaunti, tumia dirisha la faragha: Ctrl, Shift na N kwenye Chrome. Ukifunga madirisha yote ya faragha, akaunti imetoka. Lakini lisikudanganye, ulichopakua kinabaki, na kama kuna programu ya kunasa kibodi, pasiwedi imeshachukuliwa. Kwa hiyo washa uthibitisho wa hatua mbili kabla hujatoka nyumbani. Ukishasahau kutoka, simu yako inatosha: kwa Google, ingia kwenye usimamizi wa akaunti, sehemu ya usalama, kisha vifaa vyako, uondoe usichokitambua. Kwa WhatsApp, gusa vitone vitatu, vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta iliyounganishwa inaendelea kupokea meseji zako hata simu ikiwa imezimwa.

Siku hizi wengi wanakwepa flashi kwa kutuma faili kwenye WhatsApp ya steshenari. Flashi inapona, ila sasa waraka wako unakaa kwenye simu ya mtu mwingine. Kwa ratiba ya mtihani sawa. Kwa vyeti na kitambulisho, flashi ya mtaani ni bora.

Na tarakimu sita zinazokuja kwa meseji, hazitajwi kwa mtu yeyote, awe amejitambulisha kuwa wa mtandao wa simu, benki au bodi ya mikopo. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya tapeli na meseji yake vinatumwa 15040.

Si kila kero ni kirusi

Kompyuta nzito mara nyingi ni hadidiski ya kuzunguka na RAM ya GB 4 inayobebeshwa Windows ya leo. Kubadilisha diski kuwa SSD, ile isiyozunguka, kunasaidia kuliko programu yoyote ya "kuongeza kasi", na programu hizo zenyewe ziepuke. Laptopu inayojizima mchana wa joto inataka feni isafishwe vumbi.

Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa kwenye flashi, orodha yake inavurugika na Windows inadai ifomatiwe. Kataa, ijaribu PhotoRec kwanza. UPS (betri ya akiba) ya VA 650 inaipa kompyuta moja ya mezani dakika chache za kuhifadhi na kuzima, na inatosha kwa hilo. Usichomeke printa ya leza humo. Inapopasha roli yake inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS inaangusha kila kitu kwa pamoja.

Flashi ya "TB 2" inayouzwa kwa bei ya ile ya GB 32 ni feki. Chipu yake imefundishwa kusema uongo: inapokea mafaili mpaka uwezo wake wa kweli ujae, kisha yanayofuata yanaharibika bila onyo. Programu ya H2testw inaijaza yote na kuisoma upya, ikakuambia kiasi cha kweli. Inachukua saa nyingi, ila unaifanya mara moja tu.

Kwa mwenye steshenari

Windows 10 iliishiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kompyuta nyingi za mtumba hazifiki huko. Kwa mashine ambayo kazi yake ni kuprinti PDF na kufungua tovuti, Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, ni chaguo la akili kuliko Windows ya kukraki, kwa kuwa shotikati na .vbs hazina maana kwake. Hasara zake zipo: nyaraka za Word zenye majedwali zinaweza kusogea zikifunguliwa kwa LibreOffice, programu yake ya nyaraka, na si kila skana ina dereva (programu ya kuiendesha), kwa hiyo ijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kuisimika.

Ukibaki na Windows, wahudumu watumie akaunti ya kawaida, siyo ya msimamizi, na folda ya skani ifutwe kila jioni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakugusa nawe unayekaa na nakala za vitambulisho vya watu. Kisha fungua cmd kama msimamizi, uandike mstari huu mmoja:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Unaizima ile wscript ambayo kirusi cha shotikati kinaitegemea. Mteja akibofya kamshale, kitatokea kisanduku cha kukataa badala ya maambukizi. Programu chache za zamani zinaweza kulalamika wakati wa kusimikwa, na amri ya slmgr ya kuangalia usajili wa Windows haitafanya kazi. Kuirudisha, andika mstari huohuo ukiweka 1 mahali pa 0.